Boga Lenye Kofia

Katika miaka ishirini na sita ya upolisi, Inspekta Lusia Maduhu alikuwa ameitwa makaburini mara nne, na mara zote nne kulikuwa na maiti aliyezidi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuitwa kwa sababu kuna kilichopungua.

"Kichwa," alisema Koplo Onesmo, huku akilikwepesha gari mashimo ya barabara. "Mimi niliposikia kichwa, tena makaburini, nikachukua fomu za maiti asiyetambuliwa. Sasa wananiambia ni kichwa cha udongo. Afande, nitaandika kosa gani?"

"Tutafika kwanza."

"Na fomu nyingine sina."

"Zako hazitaoza, Onesmo. Kunja kulia."

Onesmo alikuwa mtu wa Rukwa, amebakiza miezi minane astaafu, na hofu yake kubwa duniani ilikuwa jalada lisilojazwa sawasawa. Lusia alimpenda kwa hilo. Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri: mvua ilinyesha juzi, vumbi la barabara ya kutoka Geita limelala, na nyumbani Ngokolo binti yake alikuwa amejifungua salama siku tatu zilizopita. Inspekta alikuwa bibi, na hakukuwa na mwizi wa kichwa wa kumharibia furaha hiyo.

Makaburi ya Nyamasolwa yako kwenye mteremko wa kilima, nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa enzi za mgodi wa Waingereza. Juu wamelala mabwana, kila mmoja na marumaru yake, jina, cheo na maneno ya Biblia. Chini wamelala wachimbaji. Wao walipewa vigingi vya saruji, na kwenye kigingi namba, jina moja kama lilijulikana, kabila na mwaka, basi. Kwa miaka mingi mbuzi ndio waliokuwa wakiwatembelea. Kisha ikaja taasisi moja ikakarabati nyumba ya zamani ya bwana stoo, ikawa inaleta wasanii: wanakaa hapo miezi mitatu, wanakula, wanalala, wanafanya kazi zao katikati ya makaburi, na mwisho wanaonyesha walichofanya. Safari hii walikuwa wawili. Mpiga picha alikuwa Nkome, kando ya ziwa, tangu Alhamisi, akipiga picha akina mama wa dagaa, na watu thelathini wa pale ufukweni wangeweza kumshuhudia. Aliyebaki ni Mariana, mfinyanzi kutoka Same, na kichwa kilichopotea kilikuwa chake.

Getini walipokewa na mratibu wa programu, Gregory, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwanamume wa miaka arobaini aliyevaa suti ya kitani na viatu visivyo na soksi.

"Inspekta, mgeni rasmi anaingia saa nane. Mkuu wa wilaya, wafadhili, waandishi wa habari. Sasa ni saa tatu na nusu. Mtu wenu wa doria amenisaidia, mwizi tunaye tayari. Kikulacho ki nguoni mwako." Akanyoosha kidole.

Kwenye benchi kando ya kibanda cha mlinzi alikuwa ameketi mzee mwembamba, kichwa wazi, mikono ndani ya pingu. Kuku jike mwekundu alikuwa akidonoa chini ya miguu yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Lusia alikwenda moja kwa moja kwake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka."

"Mwangaluka," Lusia aliitikia salamu ya Kisukuma. "Wewe ndiye nani?"

"Masalu Mayala. Baba Melania. Nalinda hapa mwaka wa kumi na tisa."

"Kichwa umechukua wewe?"

"Hapana."

"Unamjua aliyechukua?"

Mzee akamtazama kuku wake.

"Unaona?" Gregory alidakia. "Tangu alfajiri ni hivyo hivyo. Nimemwambia, kichwa kisipopatikana kabla ya saa nane, kazi hana, na ile nyumba anayokaa ni ya taasisi, atahama leo leo. Hata hivyo hasemi. Mtu asiye na hatia anakaa kimya?"

Lusia naye alijiuliza hivyo hivyo. Kazi, nyumba, na usiku wa leo mahabusu: huo ni mzigo mzito kwa mzee wa miaka sitini na zaidi. Lakini uso wa Masalu haukuwa wa mtu aliyebebeshwa mzigo. Ulikuwa uso wa mtu aliyetukanwa, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kingine ambacho Lusia hakukipatia jina mara moja.

"Mfungue mkono mmoja anywe maji," alimwambia Onesmo. "Mimi naangalia chumba."

Chumba cha kufinyangia kilikuwa zamani stoo ya majeneza. Mlango wake haukuwa na kufuli, na Mariana alisema haujawahi kuwa nayo, maana nani ataiba makaburini. Alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini, mikono imekauka udongo mpaka viwiko, macho mekundu. Katikati ya chumba kulikuwa na kinara cha mti, juu yake hakuna kitu.

"Kilikuwa hapa, kimefunikwa shuka jeupe. Nilikichoma Jumanne. Kizito, kama debe la mahindi."

"Shuka liko wapi?"

Mariana alionyesha kigoda. Shuka lilikuwa pale, limekunjwa mara nne, ncha kwa ncha.

"Umelikunja wewe?"

"Mimi? Nililikuta hivyo."

Lusia aliliinua, akalinusa, akalirudisha. Amewahi kukamata wezi wa ng'ombe, wa nyaya, wa almasi kule Maganzo, na mmoja wa mabati ya kanisa. Hakuwahi kukamata mwizi anayekunja shuka. Kisha akapiga magoti. Sakafuni, karibu na kinara, palikuwa na jivu kidogo, kama kijiko cha chai. Alilishika, likamwachia weupe laini kidoleni. Jivu la mkaa, la leo.

"Mnapikia mkaa?"

"Gesi."

"Na tanuri lako?"

"Nachomea kuni, tena Jumanne. Nimeshazoa."

Lusia akapangusa kidole kwenye sketi. "Nieleze kuhusu kichwa."

Mariana alieleza, na alipoeleza alisahau kulia. Siku ya kwanza alipofika alitembea safu zote za chini. Kwenye kigingi cha arobaini na moja akakuta kumeandikwa MSUKUMA, 1938. Vigingi vya jirani vilikuwa na angalau jina moja, hata kama limekosewa. Huyu hakuwa na jina. Mariana akauliza vijijini, akauliza parokiani, akauliza wazee wa mgodi. Hakuna aliyejua. Ndipo akaamua kumpa uso, kwa kuwa jina hakuwa nalo la kumpa. Akatumia udongo wa kichuguu na marudio, yaani tope linalobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuoshwa, ili mtu huyo aumbwe kwa kitu kile kile kilichomuua. Leo saa nane kichwa kingewekwa juu ya kaburi, nusu ndani ya ardhi, nusu nje.

"Watu wa hapa walijua?"

"Wote! Nilikodi gari la matangazo siku mbili. Lilipita mpaka kwenye makarasha, wanakosagia mawe ya dhahabu."

"Marudio ulitoa wapi?"

Mariana akasita. "Kwa Pantaleo, mwenye karasha pale bondeni. Alinipa viroba viwili. Halafu wiki iliyopita akaja hapa, akakitazama kichwa, akasema mbele ya watu: 'Dada, umefinyanga mali yangu.'"

Gregory, aliyekuwa ameegemea mlangoni, alisimama wima. "Basi ndiye aliyemtuma mzee! Marudio yana dhahabu, kila mtu anajua. Na ushahidi mwingine ninao." Akatoa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kofia ya sufu ya kijani iliyochakaa. "Kofia ya Masalu. Niliikuta humu humu, alfajiri."

"Humu wapi?"

"Humu... chumbani."

Lusia aliupokea mfuko. Aliona Gregory amelitazama dirisha alipojibu, na akaliweka hilo moyoni.

Karasha la Pantaleo lilikuwa limenyamaza. Lusia alishuka garini na kabla ya kusalimia mtu akaweka kiganja kwenye pipa la chuma linalosagia mawe. Baridi. Akaenda kwenye mwalo, ule mteremko wa mbao wa kuoshea, akagusa mazulia yanayonasa dhahabu. Makavu, yamekakamaa.

"Umeme umekatika tangu jana mchana, afande," ilisema sauti nyuma yake. Pantaleo alikuwa bonge la mtu, fulana yake imepanda juu ya kitambi. "Kama unatafuta kichwa cha yule dada, habari tumepata. Hakuna tulichosaga."

"Ulisema kafinyanga mali yako."

Pantaleo alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Nilimsifu! Nilikuwa natupa lile tope, yeye kalitoa mtu. Nikasema kumbe nilikuwa na mali sikujua. Afande, hebu nikuulize: dhahabu iliyomo kwenye kichwa kile, nikikivunja, nikakisaga, nikanunua zebaki, nikawalipa vijana, nitabaki na nini? Nitabaki na kiu."

Lusia aliwageukia wachimbaji waliokuwa wameketi kivulini. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Kwa watu wanaopima mawe kwa macho tangu utotoni, ushahidi huo ulitosha. Njia ya kumshuku Pantaleo ilikuwa imekufa, na saa ya mkononi ya Lusia ilisema saa tano kasoro robo.

"Kahawa, mama?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume mfupi wa makamo mwenye kikoi kiunoni na barakashee kisogoni. Mkono mmoja umeshika birika la shaba lenye jiko la mkaa chini yake, mwingine unagonganisha vikombe, kwa mlio unaosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Lusia aliketi juu ya kiroba.

"Nipe. Unaitwa nani?"

"Nasibu. Na wewe?"

"Inspekta Lusia Maduhu."

Vikombe vikanyamaza. "Maduhu? Msukuma?"

"Wa Ngokolo."

"Mungu mkubwa!" Nasibu aliwageukia wachimbaji. "Jamani, mtumwa wangu kawa inspekta! Nani alimwibia viatu hivi? Mtu wa kwao akivaa viatu hujikwaa!"

Onesmo alipiga hatua mbele, mkono kiunoni. Lusia alimzuia kwa kidole.

"Wewe ni Mzaramo," alisema.

"Wa Kisarawe. Nimewafuata watumwa wangu mpaka huku, maana niliona wanakufa bila usimamizi."

"Basi ndiyo maana kahawa yako chungu. Wazaramo walinunua kahawa kwa nazi, wakasahau kuuliza inavyopikwa."

Wachimbaji waliangua kicheko. Nasibu alimmiminia kikombe cha pili kwa heshima kubwa. Lusia aliponyoosha mkono kuchukua kashata kwenye sahani yake, Nasibu akaivuta. "Kashata ni ya watu. Wewe kagugune michembe yako."

Lusia akacheka mpaka akamwaga kahawa. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikakauka kama vibao, ndicho chakula kilichomlea. Alikuwa hajataniwa vizuri hivyo tangu alipohamishiwa Geita. Nasibu naye alikuwa anachochea mkaa. Jivu lilimwagika kidogo karibu na kiatu cha Lusia.

"Haya, mama," alisema Nasibu, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. "Huko juu, wafiwa wameshajitokeza?"

"Wafiwa?"

"Mazishi si saa nane? Waambie wasikawie." Akaondoka akigonganisha vikombe.

Walikuwa wamefika nusu ya njia simu ilipolia. Mkuu wake wa upelelezi alikuwa na maneno machache: mgeni rasmi ameshaanza safari, kama hakuna kichwa basi kuwe na mtu, mlinzi aletwe kituoni kabla ya saa nane.

"Sawa, afande," alisema Lusia. Alikata simu, akaichukua ile kofia kutoka mfukoni, akaipindua nje ndani. Kwenye sufu, pale juu kabisa utosini, palikuwa na tundu jipya, na ndani ya tundu kumenasa kipande cha kikonyo kikavu chenye pembe tano.

Aliipeleka kofia puani. Halafu akaanza kutabasamu.

"Onesmo, mtu mwenye kikonyo utosini umewahi kumwona?"

"La, afande. Kwenye fomu hakuna sehemu yake."

Gregory walimkuta akipanga viti. Lusia alimvuta pembeni, nyuma ya marumaru ya mhandisi mmoja wa mwaka 1934.

"Kofia hii mara ya mwisho ilivaliwa na boga. Boga liko wapi?"

Gregory alitazama nyuma kuona kama kuna anayesikia. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Mzee wa watu amefungwa pingu kwa sababu ya kofia ambayo habari yake umenipa nusu."

"Nilitupa," Gregory alisema, na alionekana kweli kuona aibu. "Nilipoingia alfajiri, kichwa hakipo, juu ya kinara kuna boga limevaa kofia, lina macho, lina meno. Inspekta, haya ni makaburi! Mtu mmoja akisema uchawi, hakuna mfadhili atakayerudi hapa. Nikalitupa shimo la taka. Masalu alikuwa anakuja anacheka, anataka kuniambia kitu. Nikadhani ananidhihaki. Nikamwita mwizi na mchawi mbele ya watu, nikapiga simu polisi."

Onesmo alilitoa boga kwa reki. Lilikuwa boga zuri, la kijani lenye michirizi, limetobolewa macho mawili. Chini ya macho, mdomo wake ulikuwa umejaa meno marefu ya kahawia, yamepangwa kwa ustadi. Lusia akang'oa jino moja, akaliuma.

"Michembe," alisema.

Akacheka. Alicheka mpaka akalishika jiwe la mhandisi asije akaanguka, na Mariana akatoka mbio kuona kuna nini. Lusia aliwaketisha wote wawili juu ya ukuta.

"Ninyi mnaujua utani wa makabila kwenye simu. Huku uko msibani. Msukuma akifa, watani wake wanakuja. Wazaramo ni watani wetu wa zamani sana. Mnalia, yeye anacheka. Anaficha jembe la kuchimbia. Anavaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye. Anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamkomboe, kwa kuku, kwa chumvi, kwa chochote. Ndiyo kazi yake: kuwafanya wafiwa wacheke kabla hawajavunjika. Na akichukua kitu huacha alama, ili wajue ni yeye; hata kofia ya mlinzi aliinyakua kwa utani huo huo. Hili boga ni sahihi yake, Gregory. Uliitupa."

"Lakini hapa hakuna msiba. Haya ni maonyesho!"

Mariana alijishika mdomo. "Mimi nilitangaza mazishi," alisema. "Siku mbili nzima. 'Jumamosi tunamzika Msukuma asiye na jina, wote mnakaribishwa.'"

"Na mtu mmoja akakaribia," alisema Lusia.

"Kwa nini basi Masalu hakusema?"

"Kwa sababu mtani hashitakiwi. Angekueleza wewe kabla ya polisi, akakuta unapiga kelele. Polisi walipofika, kumtaja mtani ikawa ni kumshitaki. Mzee wa Kisukuma hafanyi hivyo, hata ukimtoa nyumbani." Akainuka. Alijisikia fahari ambayo hakuwa na sababu rasmi ya kuiandika popote. "Sasa kichwa. Mtani hatoki na kitu nje ya msiba. Akitoka nacho amekuwa mwizi. Kwa hiyo kimo ndani ya ukuta huu. Mmetafuta wapi?"

"Kila mahali. Nyumba zote, stoo, kisima, vichaka, nyuma ya kila jiwe."

"Na ndani ya kaburi la arobaini na moja?"

"Pale tulichimba jana kishimo cha kukiwekea, tukaweka mbao, jamvi juu, maua juu. Hakuna aliyegusa, maana ni..." Gregory akaanza kushuka mteremko.

Maua yalikuwa kwenye makopo sita. Mariana alikuwa ameyapanga kwa mkono wake, rangi nyekundu zote zikitazama njia. Kopo la mwisho lilikuwa limegeuzwa. Onesmo aliondoa jamvi na mbao mbili, na wote wakainama. Kichwa kilikuwa pale pale kilipotakiwa kuwekwa, kimefungwa kanga kama mtoto, kinawatazama. Lusia alikuwa hajakiona kabla. Ulikuwa uso wa mwanamume wa makamo, mashavu yamebonyea, paji la uso limekunjamana kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa. Lusia akasimama, akapangusa udongo magotini.

"Mfungueni Baba Melania," alisema.

Pingu zilipofunguliwa, Gregory alikwenda mwenyewe mbele ya mzee na kusema shikamoo, kisha samahani. Masalu aliitikia zote mbili. Ila Gregory alipotaka kichwa kitolewe kipanguswe, mzee alitikisa kichwa.

"Hakijakombolewa."

Saa nane kasoro robo watu walikuwa wamejaa mpaka ukutani: wachimbaji na tope lao miguuni, akina mama wa sokoni, Pantaleo na kitambi chake. Gari la mgeni rasmi lilikuwa linaegeshwa. Hapo ndipo mlio wa vikombe ulipopasua umati. Nasibu alilikabidhi birika lake kwa Koplo Onesmo, akapiga hatua mbili, akarukia kishimoni. Kilimfika magotini. Akaketi, akakipakata kichwa.

"Sitoki!" alitangaza. "Mtumwa wangu huyu alikufa na deni la kucheka nami. Mfiwa yuko wapi?"

Watu walipiga makofi. Gregory, aliyekuwa anajifunza haraka, alitoa noti. Nasibu alizitazama.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi... mratibu wa programu."

"Mratibu hafiwi. Rudisha mfukoni. Na wewe dada?"

"Mimi nilimfinyanga tu," alisema Mariana kwa sauti ndogo.

"Umefinyanga vizuri. Lakini hukufiwa." Nasibu alizungusha macho. "Mfiwa!"

Hakuna aliyejibu. Akaita mara ya tatu, na mara hiyo sauti yake haikuwa na mzaha. Kicheko kilizimika safu kwa safu mpaka nyuma.

"Nimezika Wasukuma wengi," Nasibu alisema, amekipakata kichwa. "Tangu asubuhi nasubiri aje mtu kunitukana, hakuja. Sijawahi kukuta maiti asiye na hata mmoja wa kumkomboa. Sasa utani wangu nimfanyie nani?"

Lusia alikuwa ameshatia mkono mfukoni bila kujua anatafuta nini. Kabla hajakipata, umati uligawanyika. Masalu alikuwa anashuka mteremko, kofia yake ya kijani kichwani, kuku mwekundu kwapani.

"Mfiwa ni mimi," alisema.

"Una undugu gani naye?"

"Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa namfagilia. Namwamkia shikamoo. Anapokuwa na siafu nammwagia jivu. Nani mwingine anafanya hivyo kwa mtu, kama si mjukuu?" Akamnyooshea kuku. "Ni babu yangu. Mtoe mikononi mwako, Mzaramo, una harufu ya nazi."

Nasibu alimpokea kuku, akampima uzito, na uso wake wote ukafunguka. "Kumbe! Basi babu yako alikuwa mvivu, ndiyo maana walimzika bila jina. Walimwuliza anaitwa nani, akaona uvivu kujibu!"

Umati ulilipuka. Wachimbaji walikuwa wanacheka na kujifuta macho kwa mikono ya tope, mama mmoja wa sokoni akapiga kigelegele katikati ya kilio, na mgeni rasmi, aliyefika wakati huo huo na hotuba mkononi, alisimama hajui ashike upande gani. Nasibu alikiweka kichwa mahali pake, uso mashariki, akatoka kishimoni na kuku wake. Masalu ndiye aliyetupia konzi ya kwanza ya udongo.

Lusia aliketi juu ya ukuta, jino la michembe mdomoni, ameridhika kama mtu aliyeshiba. Onesmo alimkaribia, birika la kahawa bado mkononi na jalada kwapani.

"Afande, kosa hakuna. Mlalamikaji amefuta malalamiko. Lakini gari limetoka kituoni, lazima nirudi na karatasi iliyojazwa."

"Fomu zako unazo?"

"Zile za maiti asiyetambuliwa tu."

"Lete."

Aliiweka gotini, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa. Jinsia: mwanamume. Kabila: Msukuma. Mwaka wa kufa: 1938. Palipoandikwa jina la marehemu akapiga mstari. Chini yake palikuwa na nafasi moja zaidi, ile ambayo kwa fomu hizi huachwa tupu. Akaandika: *Ametambuliwa na Masalu Mayala, mjukuu wake.*

Onesmo alisoma mara mbili, akitafuta kasoro. Hakuipata. "Inahitaji sahihi ya ndugu," alisema.

Wakamwita mzee. Masalu aliipokea kalamu, akaitazama ile nafasi kwa muda. Kabla ya kutia sahihi, akavua kofia.